Wiki ya Cherehani

Jina la Chapchap hakupewa kwa kejeli. Alipewa kwa heshima, naye alilipenda kuliko lile la wazazi wake, maana la wazazi alilikuta tu, hili alilitolea jasho. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kasi. Mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kazi ya binti nyumbani ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Mama hajamaliza kusema "mwanangu, uzi," uzi umeshapita tunduni. Alipokua akawa mpiga chapa kwenye ofisi moja ya bima. Miaka kumi na tisa alipiga chapa barua za watu walioungua nyumba na waliogongewa magari, na ukimuuliza leo hata moja ilisema nini, hakumbuki. Yeye alikuwa anaangalia herufi. Yaliyomo ndani ya barua ni shida ya mwenye barua.

Ofisi ile ilipofungwa, wenzake walikaa wakilia na kuandika malalamiko. Chapchap mwezi haujaisha ameshapata kazi nyingine, kazi ambayo ndugu zake mpaka leo hawajaielewa. Wao walijua tu kwamba dada yao yuko ofisini, mambo ya kompyuta. Ngoja niieleze vizuri, maana msiba wote ulitokea humo.

Siku hizi mtu akitaka kujua jambo hamsumbui jirani. Anaandika swali lake kwenye simu, na mtambo wa kutafutia unamletea orodha ya tovuti za watu wanaolijua jambo hilo. Mtambo una wenyewe. Hao wenyewe miaka mingi walikuwa kama msema njia: ukiuliza, wanakuelekeza mlango wa mwenye jibu, unakwenda. Kisha wakaona, ala, kwa nini tuwapeleke wageni kwa watu baki? Wakatengeneza majibu yao, wakayaweka kwenye kisanduku juu kabisa ya orodha, ili anayeuliza asome papo hapo na asiende popote. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hawa ngoma ilikuwa yao, ngozi yao, na uwanja wa kuchezea wao.

Lakini hawakutaka ionekane wanajipendelea. Wakaajiri watu waamue. Ndipo Chapchap alipoingia, ghorofa ya tatu, ukumbi wenye meza thelathini na feni mbili, moja inazunguka na moja inalia tu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya skrini linatokea swali. Kushoto kinatokea kisanduku cha mtambo. Kulia kinatokea kipande cha ukurasa wa mtu wa nje, jina la tovuti limefichwa, eti mpimaji asije akapendelea. (Wao, jamani, ndio walioogopa upendeleo!) Chini kuna vitufe vitatu vya kuuhukumu ukurasa wa nje: Bora, Sawa, Marudio. Ukibofya Marudio umesema ukurasa wa nje hauna jipya, unarudia tu kilichomo kisandukuni, na ukurasa huo unasukumwa chini, kule ambako hakuna mtu anayefika.

Kitabu cha mwongozo kilimwagiza mpimaji aufungue ukurasa mzima, ausome, ndipo abofye. Kitabu hicho hicho kilimwagiza apime kurasa mia sita kwa siku. Mambo mawili hayo hayaivi chungu kimoja. Basi watu wakabuni njia yao, wakaiita kupima paji: unatazama paji la ukurasa tu, ile mistari mitatu ya juu inayoonekana kwenye kipande, kisha unabofya. Hakuna aliyewafundisha, na hakuna aliyewakataza. Chapchap katika kupima paji hakuwa na mpinzani.

Meza ya pili yake alikaa mwalimu mstaafu wa sayansi, miwani imefungwa kwa kamba, wakamwita Profesa. Huyu alifungua kila ukurasa. Kila mmoja!

"Profesa, unasahihisha mtihani?" Chapchap alikuwa akimtania.

"Nasoma, dada yangu."

"Utasoma mpaka wakufukuze."

"Aliyeandika hapa pengine alikesha siku tatu. Mimi nikimpa dakika tatu nitakufa?"

"Hufi wewe, tunakufa sisi. Dakika zako zinashusha wastani wa safu nzima. Tuhurumie, baba!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Profesa naye alicheka, akafuta miwani, akaendelea kusoma. Baada ya miezi michache meza yake ilikutwa tupu asubuhi moja, na Chapchap akasema, "Si nilimwambia?" Alisema kwa masikitiko kidogo, tusimsingizie, lakini hakuuliza zaidi.

Sasa huyu Chapchap alikuwa na kaka yake, tumbo moja, yule aliyemwachia ziwa. Mama alipofariki, Chapchap alirithi mkasi na vitenge, kaka akarithi cherehani tatu mbovu. Akazifungua kuona zina nini, na tangu siku hiyo hakushika kazi nyingine. Akawa Fundi. Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati unaotazama barabara ya vumbi, rafu zimejaa makopo ya maziwa yenye skrubu, kila kopo limeandikwa kwa rangi nyekundu kilichomo. Washonaji wa mtaani walipoanza kupungua, akafungua tovuti. Watu walimcheka: fundi cherehani na tovuti wapi na wapi? Yeye akakaa, akaandika. Ubovu mmoja, ukurasa mmoja. Uzi unaokatika, mkanda unaoteleza, mashine inayotafuna kitambaa kama mbuzi. Picha alipiga mwenyewe, kidole gumba chake chenye ukucha uliopasuliwa na sindano kikionyesha mahali pa kukaza. Kwa miaka sita alifika kurasa mia tatu na ushee. Watu wa mbali walisoma, wakampenda, wakaanza kuagiza kwake sindano, mikanda na bobini. Hiyo ndiyo ikawa riziki yake.

Kila wakikutana lazima aulize. "Mdogo wangu, umepita kule kwangu?"

"Nimepita kaka. Pazuri."

"Umeona nilivyoandika ile ya mkanda?"

"Nimeona. Hongera, umeandika vizuri sana."

Hakuwahi kupita. Hata siku moja. Si kwa ubaya, mnielewe. Alimpenda kaka yake, na akisikia mtu anamsema vibaya ilikuwa ugomvi. Ila siku nzima alikuwa anatazama kurasa za watu, jioni macho yanamwasha, na kaka yupo, hakimbii. Atasoma Jumapili. Miaka sita ina Jumapili ngapi? Hesabu mwenyewe. Angesoma ukurasa mmoja kila Jumapili angekuwa amemaliza na anangoja mpya.

Kazi pale ghorofani ilikuja kwa mafungu. Kuna wiki ya homa za watoto, kuna wiki ya kupaka rangi nyumba. Ikaja wiki ya cherehani.

"Chapchap, hii sasa ya kwenu!" walimpigia kelele, maana walijua ni mtoto wa mshonaji. Akafurahi kama aliyepewa zawadi. Aliingia wiki ile kama anaingia jikoni kwao. Siku ya Jumatano alipima kurasa mia tisa arobaini na moja, haijawahi kutokea, wakampigia makofi, wakampa kikombe chenye nembo ya kampuni.

Katika hizo mia tisa, swali moja lilimshika kidogo. Mtu aliuliza: cherehani yangu inaruka mishono, nifanyeje? Kisanduku kikajibu: "Kabla hujagusa skrubu yoyote, badili sindano. Usiilaumu mashine, mashine haina kinywa cha kujitetea." Chapchap akasimamisha mkono. Mama yake alikuwa akisema vivyo hivyo! Maneno hayo hayo, kila binti alipoipiga mashine kofi kwa hasira. Akatabasamu, akajisemea, kumbe mafundi wote ni wamoja. Akatupa jicho kulia. Ukurasa wa nje ulianza kwa maneno yale yale. Akabofya Marudio, akaenda mbele.

Weee! Mtu anasikia sauti ya mama yake mzazi kwenye skrini ya ofisi, na hajiulizi imefikaje?

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja mchana kaka akapiga simu, akasema njoo, usikawie, na akakata. Chapchap akamkuta ameketi bila kazi mikononi, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Kompyuta ilikuwa wazi juu ya meza ya kufungulia mashine.

"Kaa hapo. Andika: cherehani inaruka mishono."

Akaandika. Kisanduku kikaja.

"Soma kwa sauti."

Akasoma. Alipofika kwenye mashine isiyo na kinywa, akasimama.

"Maneno ya nani hayo?" kaka akauliza.

"Ya mama."

"Ya mama. Na aliyeyaandika ni mimi, mwaka wa kwanza wa tovuti. Wameyachukua kama yalivyo, hata jina langu hawakuweka. Sasa nitafute mimi hapo chini."

Chapchap akateremka. Orodha ya kwanza hayupo. Ya pili hayupo. Ya tatu, ya nne. Akamkuta kwenye ya saba, katikati ya wauza viatu.

"Zamani nilikuwa wa kwanza," kaka akasema. "Watu mia nne kwa siku walikuwa wanaingia. Jana wameingia tisa, na wawili kati yao ni mimi mwenyewe, nilikuwa natazama kama bado ipo." Akacheka kidogo. "Ilikatika kwa wiki moja tu, kama mtu kafunga bomba." Akamtajia wiki yenyewe.

Chapchap akaikumbuka mara moja. Hakuhitaji kalenda. Kikombe cha wiki ile alikuwa anakinywea chai.

"Nikawaandikia wenye mtambo," kaka akaendelea. "Wakanijibu kwa adabu kabisa. Wanasema kurasa zangu zilisomwa na wapimaji huru, na wapimaji wakaona ni marudio. Marudio! Nimelala nalo neno hilo wiki nzima, nikasema pengine kweli. Pengine mtu mwenye akili zake amekaa, amenisoma kurasa zote, ameona huyu mzee anajirudia."

"Kaka..."

"Ngoja. Wewe uko ndani ya nyumba yao. Niulizie ni nani. Sitaki ugomvi naye. Nataka aniambie tu ni wapi nilipokosea, nipaandike upya. Mwisho wa mwezi tovuti inataka ada ya mwaka. Kama nitaweza kurekebisha, nalipa. Kama haiwezekani, naifunga, nirudi kungoja washonaji wa mtaani."

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, kaka alikuwa mbele yake, neno lenyewe halizidi pumzi moja. Chapchap, mwenye kasi kuliko wote, akashikwa na kigugumizi. Akasema, "Nitaulizia, kaka." Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu alikuwa amelichuma, akalipika, na sasa alikuwa anamwandalia ndugu yake mezani bila kumwambia ni nini.

Siku zilizofuata hakulala vizuri. Jumatatu alipiga moyo konde, akaingia kwa msimamizi, mwanamke mdogo kwake kwa umri, mpole, anayemwita dada.

"Nataka kufuta alama zangu za wiki ya cherehani."

"Zipi, dada?"

"Zote. Sikufungua kurasa. Nilipima paji."

Msimamizi akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Dada yangu, unadhani silijui hilo? Hapa anayefungua ni nani?"

"Kuna ukurasa mmoja nautaka. Ule wa kuruka mishono."

Msimamizi akautafuta. Kila ukurasa ulipimwa na watu watatu, na wawili wakikubaliana basi hukumu imepita. Mpimaji wa kwanza: Marudio, sekunde kumi na mbili. Huyo ni Chapchap. Wa pili: Marudio, sekunde ishirini. Wa tatu: Bora, dakika nne. Na huyo wa tatu alikuwa ameacha maelezo, jambo ambalo hakuna mtu alilifanya pale: "Ukurasa huu ndio asili. Una tarehe ya miaka sita nyuma, una picha za mwandishi mwenyewe. Kinachorudia ni kisanduku."

"Profesa," Chapchap akasema.

"Alama yake ilihesabiwa kuwa kosa, kwa sababu ninyi wawili mlikubaliana. Makosa yakizidi, mkataba unakatika. Zake zilizidi wiki ile, ndipo meza yake ikabaki tupu."

Chapchap akaona aibu mpaka masikioni. Kumbe alimfukuzisha mtu kwa mkono wake, halafu akasema si nilimwambia. "Basi yangu ifute. Weka kwamba nilikosea. Itabaki mmoja kwa mmoja."

"Hakuna cha kufuta. Mtambo umeshajifunza kutokana na alama zenu. Chumvi ikishaingia kwenye mchuzi utaitoaje?"

"Nikiandika barua ya kukiri?"

"Andika," msimamizi akasema, na huruma aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli. "Itasomwa na mashine."

Hakurudi mezani kwake. Aliteremka ngazi, akashika njia ya kwenda kwa kaka, kwa miguu, mwendo wa saa nzima, akitunga maneno na kuyavunja. Alijuta jamani. Alijutia sekunde zile kumi na mbili, akamjutia Profesa, akaijutia Jumamosi aliyonyamaza. Hakujua bado kwamba lililo zito kuliko yote hajalifikia.

Kaka alikuwa anavalisha mkanda kwenye mashine. Alipomwona hakuacha kazi.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Akacheka. Alidhani ni utani, maana tangu utoto wao walikuwa wakitaniana hivyo. Kisha akamtazama usoni, akaweka mkanda chini. Chapchap akamwambia yote, kuanzia paji, mia sita kwa siku, kikombe, mpaka Profesa. Hakujipunguzia hata tone. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Ah," akasema. "Kazi ni kazi. Walikubana, na jina langu walilificha. Ungejuaje? Hilo nimelisamehe hata kabla hujakaa."

Chapchap akaanza kulia kwa nafuu.

"Lakini kuna kitu sikielewi." Kaka alisema taratibu, kama anapotafuta ubovu. "Maneno yale yapo kwenye ukurasa wangu wa kwanza kabisa. Ulipoyaona pale kazini, mbona hukusema, aa, haya ni ya kaka, niliyasoma kwake?"

Chapchap akafuta machozi kwa kiganja.

"Uliniambia umesoma. Ile ya mkanda ulinipa hongera."

"Kaka, nilikuwa nachoka, nikawa nasema Jumapili..."

"Hata ukurasa mmoja?"

"Hata mmoja."

Kaka akaokota kitambaa, akafuta mikono, ingawa haikuwa na mafuta. "Unajua nilikuwa naandikaje? Mimi si mwandishi. Nilikuwa nikimaliza ukurasa najiuliza, mdogo wangu ataelewa hapa? Nikiona hutaelewa, nafuta, naanza upya. Kurasa zote mia tatu nimemwandikia mtu mmoja. Hao wengine walikuwa wanapita tu. Wewe ukisema pazuri, mimi kesho naandika mwingine."

"Usiifunge, kaka. Nitasoma. Naanza leo hii, nasoma zote."

"Kwa kasi gani?"

Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika. Akavuta kompyuta, akabofya hapa na pale, akangoja, akabofya tena. Mwisho wa mwezi ulikuwa bado siku tisa, lakini tovuti haikuungoja. Kisha akaifunga kompyuta, akarudi kwenye mashine yake, akauokota mkanda akaanza kuuvalisha upya.

"Ukitoka rudishia mlango," akasema. "Vumbi linaingia kwenye mashine."

Chapchap alikuwa bado hajaaga.